Uliza Mzee wa Dadu: Mbona kwenye gemu hakuna anayekikimbia Kilima 107?

Toleo lililopita niliandika kuhusu gemu la mezani la vita ya Krete, kile kisiwa cha Ugiriki, lile la askari wa miavuli wa Kijerumani kukivamia Kilima 107, kilichoshikwa na askari wa New Zealand na kinachotazama uwanja wa ndege wa Maleme, tarehe 20 Mei 1941, nikaeleza na jinsi ya kulitengeneza mwenyewe kwa boksi maana yale ya dukani ni bei mbaya na yako mbali (Avalon Hill wa Marekani walitoa la kwao tangu 1977, ukilipata leo ujue umemnunua mbuzi). Nilidhani nitapata barua mbili tatu. Zimejaa bahasha nzima. Majina ya walioandika nimeyaacha, wengine wanakiri wanacheza saa za kazi.

Shikamoo mzee wa dadu. Mi na kaka angu tumecheza mara tano, mi ndo nashika New Zealand, na mara zote tano Mjerumani hajafika hata nusu ya kilima. Sasa nikasoma kwamba kwa ukweli wale New Zealand waliondoka wenyewe usiku wa kwanza tu wakaacha kilima kitupu. Yaani waliondoka hivihivi? Nani anaacha kilima anachokishikilia? Au namba za gemu umekosea? (Msomaji, Tabora)

Marahaba mwanangu. Namba hazina neno. Shida ni kwamba we unaona.

Fikiria ulivyokaa pale mezani, ubao wote uko chini ya pua yako, unaona kombania C wako uwanjani wamebanwa lakini wapo, kombania D wako ukingoni mwa mto Tavronitis wamepungua lakini wapo, unaona na Mjerumani amechoka, sasa kwa nini uondoke? Hata mimi siondoki. Lakini Luteni Kanali Leslie Andrew, aliyekuwa anaongoza batalioni ya 22 pale kilimani, hakuwa na ubao. Alikuwa na watu kama 600 waliotawanywa uwanjani, mtoni, kilimani na kule kijijini Pirgos, na asubuhi ile ndege za Wajerumani zilivyopiga mabomu waya za simu zikakatika zote. Redio aliyokuwa nayo ni moja na ilikuwa inakoroma tu, mara inashika mara haishiki. Akituma mtu kwa miguu anapigwa njiani au harudi. Kulikuwa na makubaliano kwamba akizidiwa atarusha fataki za rangi ili batalioni ya 23 waje kumsaidia, akarusha, kwa ule moshi na vumbi jamaa hawakuziona.

Na huyu sio mwoga nakwambia, huyu ana Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kabisa ya ushujaa ya Waingereza, wa mwaka 1917 aliopata Ubelgiji akiwa koplo. Sasa mtu wa namna hiyo kufika jioni anapiga hesabu: C sijawasikia tangu mchana, D naambiwa wamekwisha, basi nimebaki na kombania mbili na vipande. Akamwambia bosi wake, Brigedia Hargest, ambaye makao yake yalikuwa huko Platanias kilomita kadhaa mashariki, kwamba huenda akalazimika kurudi nyuma. Hargest akamjibu kwa kifupi tu, kama ni lazima basi ni lazima. Hargest akatuma kombania mbili za kuongezea nguvu, moja ya Wamaori, wale Wamaori walifika gizani karibu kabisa na uwanja wa ndege, wakakuta Andrew keshahama, wakageuza.

Sasa sikia hii ndo inayoniuma. C na D walikuwepo! Usiku kucha walikuwepo, wanashikilia sehemu zao wakijua bosi yuko juu kilimani. Alfajiri mbichi Kapteni wa C akagundua kilima hakina mtu, akawaambia vijana vueni viatu, wakavining'iniza shingoni, wakapita mmojammoja katikati ya Wajerumani waliokuwa wamelala wanakoroma. Yaani aliyesalimisha kilima alidhani kombania yake imekufa, na kombania yenyewe inatembea peku inatoka.

Upande wa pili nao hawakujua kitu. Jenerali Kurt Student alikuwa Athens hotelini anahesabu hasara, kiongozi wa kikosi chake pale Maleme, Meindl, alishajeruhiwa vibaya siku hiyohiyo, na waliokuja kupanda kilima mwishoni waliongozwa na Dokta Neumann, daktari wa kikosi kabisa, pamoja na luteni mmoja anaitwa Horst Trebes. Walijiandaa kufa wakakuta mahandaki matupu. Tarehe 21 jioni ndege za Junkers zikaanza kutua uwanjani huku zinapigwa mizinga, zinashusha askari wa milimani, na hapo Krete ikaanza kuondoka, mpaka tarehe 1 Juni ikawa imeisha.

Kwa hiyo usibadilishe namba. Ficha ubao. Nitaeleza jinsi huko chini, kuna mwenzio kaniuliza.

Sasa mzee, mimi niko Nakuru na nashika Mjerumani. Hii rule ya dadu ya upepo inaniua! Natupa batalioni nzima juu ya kilima, dadu inanipeleka baharini. Si hawa walikuwa wanaruka na ndege, kwani pilot haoni kilima? Kwa nini nisiwashushe palepale juu nimalize kazi?

Poa sana wa Nakuru. Marubani walikuwa wanaona, ila mwavuli wa Mjerumani wa wakati ule haukuwa na usukani. Kamba zake zilifungwa nyuma mgongoni sehemu moja, mtu ananing'inia kifudifudi kama mtoto aliyeshikwa shati, hawezi kuvuta kamba kugeuka, anaenda upepo unakotaka na anatua kwa magoti na viganja. Ndo maana hawakuweza kuruka na bunduki ndefu. Wengi walishuka na bastola, mabomu ya mkono na kisu, bunduki zenyewe na bombomu zilitupwa kwenye makasha yenye mwavuli wake, ukishatua kazi ya kwanza ni kukimbia kutafuta kasha lako, na kama kasha limeangukia shamba la mizabibu lenye mtu wa New Zealand ndani yake basi pole.

Batalioni ya tatu ya kile kikosi cha Meindl ilitupwa mashariki mwa Maleme, eneo ambalo wapelelezi wao walidhani liko wazi. Halikuwa wazi. Walikuwepo batalioni ya 23 chini ya mizeituni, wamekaa kimya wanawasubiri, na kati ya Wajerumani kama 600 walioruka pale, karibu 400 walikufa siku hiyohiyo, na kamanda wao Meja Scherber ni mmoja wao. Ukitupa juu kabisa ya kilima unajitupa mwenyewe kwenye hilo sufuria. Wale waliofanikiwa ni walioshuka magharibi, ng'ambo ya mto, ambako hakukuwa na mtu wa kuwapiga, wakajipanga taratibu, wakaja kwa miguu kupitia darajani. Jaribu hiyo. Na zile glaida, ndege zisizo na injini, nazo zilitua mitelemkoni mwa kilima, kiongozi wao Meja Koch akapigwa risasi ya kichwa mapema (hakufa), usizitegemee sana.

Nikukumbushe upya hiyo rule maana naona wengi mnaikosea: dadu ya kwanza ni upande, kila chumba kina pande sita na dadu ina nyuso sita, ndo uzuri wa vyumba vya pembe sita. Dadu ya pili ni umbali, ila unaigawa kwa mbili unapunguza kwenda chini, sio unahesabu yote sita! Nadhani ndo maana uko baharini. Na raundi ya kutua nguvu ya kipande ni nusu, hayo ndo makasha.

Assalaam alaykum. Mie nipo Muskat na wenzangu watatu tunacheza kila Ijumaa usiku. Kuna jambo limetugombanisha. Umeandika New Zealand ana vifaru viwili, lakini kabla ya kuvitumia sharti utupe dadu, na ikitoka moja mpaka nne kifaru hakifanyi kazi! Huu si uonevu? Kifaru kizima kinashindwa na dadu?

Wa alaykumu s-salaam warahmatullah. Uonevu upo kweli, lakini sio wangu.

Andrew alikuwa na vifaru viwili vya aina ya Matilda, alivificha tangu asubuhi kama mtu anayeficha kete ya mwisho, saa kumi na moja jioni hivi akavitoa viende darajani na askari wachache nyuma yake. Kimoja, mpiga mzinga alipotaka kupakia risasi akakuta haziingii, sio saizi yake, na kile kichwa cha juu hakizunguki sawasawa, kikageuza kikarudi. Cha pili kikaenda vizuri tu, kikashuka mpaka kwenye mto ambao mwezi huo ni mawe matupu, kikapanda jiwe kikakaa tumbo juu yake, wenyewe wakatoka wakakiacha. Wale askari waliokifuata waliorudi ni wachache na wengi wana majeraha. Hebu fikiria unangoja siku nzima umetunza risasi ambazo haziingii kwenye mzinga.

Kwa hiyo moja mpaka nne mi naona hata nimewapendelea. Ila kama mnagombana mpaka Ijumaa inaharibika basi fanyeni moja mpaka tatu, na mtakaposhindwa tena msiniandikie.

Mzee umewahi kutaja mtu wa tatu anayekaa kama refa. Mtu wa tatu anafanya nini hasa? Sisi tuko wawili tu na mke wangu hapendi mambo ya vita. (Msomaji, Tanga)

Hata wangu hapendi, na ndo refa wangu. Mtu asiyependa ndo anafaa maana hana upande.

Mnahitaji mabao mawili. Mi nilikata boksi la sabuni pande mbili, nikachora vyumba vya pembe sita kwa kutumia nati ya baiskeli kama kipimo, unaizungushia penseli, unaisogeza, unaizungushia, jioni nzima. Ubao mkubwa una kila kitu na anakaa nao refa. Ule wa pili anapewa New Zealand na anaweka vipande anavyoviona tu, maana yake vile vilivyo kwenye chumba cha jirani na kipande cha makao yake makuu kilimani. Vingine vyote, hata vya kwake mwenyewe, haruhusiwi kujua viko wapi wala vimebaki na nguvu ngapi. Akitaka kujua anaandika kikaratasi. Refa anatupa dadu, ikitoka tano au sita anajibu raundi inayofuata, ikitoka chini ya hapo kikaratasi kinaingia mfukoni na hakuna neno. Mjerumani naye anaona vilivyo mbele ya vipande vyake tu.

Mpwa wangu wa miaka kumi na saba alikuwa ananisumbua kama huyu wa Tabora, mjomba nani mjinga anaacha kilima. Nikamweka chumbani na ubao wake, mi nikakaa sebuleni na Wajerumani, mama watoto akakaa mlangoni katikati na ubao mkubwa mapajani amefunika kanga. Raundi ya tatu kijana akatuma karatasi, kaandika "C mko wapi". Dadu ikatoka mbili. Kimya. Raundi ya nne akatuma tena, safari hii kwa herufi kubwa. Dadu ikatoka nne. Ya tano akatuma kwa C na kwa D, ya D ikapita, jibu likarudi wamebaki theluthi mbili lakini jibu lenyewe ni la raundi iliyopita, akakaa anakuna kichwa sasa hivi je? Vifaru akavitoa, vyote vikamfia. Ilipofika raundi ya usiku mi Wajerumani wangu walikuwa hoi, risasi nimebakiza kidogo, nangoja nipigwe nimalize nikalale. Nikasikia huko ndani anasema kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, narudi nyuma."

Mama watoto akafunua kanga. Kombania C iko uwanjani nusu nguvu. D iko mtoni. Kijana akaja akainama akaangalia ubao muda mrefu, akasema, "Mbona hukuniambia?" Mama watoto akamjibu, "Uliniuliza nikakutupia dadu."

Hajanisumbua tena kuhusu yule Andrew. Lakini na nyie wa Tanga kama mko wawili kabisa hakuna njia, mtu hawezi kujificha mwenyewe, mlete jirani.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Morogoro. Mwanangu wa darasa la saba kaliona hilo gemu kwenye gazeti lenu anataka tulitengeneze. Swali langu ni moja, hivi ni sawa mtoto kuchezea watu waliokufa kweli?

Dada yangu sikudanganyi, na mi hilo swali ninalo na bado nacheza. Draft nayo ni vita lakini kete haina mama.

Nikupe ukweli uamue mwenyewe. Kile kilima leo ni makaburi, Wajerumani zaidi ya 4,400 wamezikwa palepale kwenye mtelemko waliokuwa wanaupanda, na upande wa pili kule Ghuba ya Suda kuna makaburi kama 1,500 ya Waingereza, New Zealand, Australia na wenzao. Halafu kuna wenyeji. Wakrete walitoka na mapanga na bunduki za kuwindia kupigana na wanaoshuka kwenye mashamba yao, na vita ilipokwisha wakalipishwa. Tarehe 2 Juni 1941 askari wa miavuli waliingia kijiji cha Kondomari, sio mbali na Maleme, wakawatoa wanaume wakawapiga risasi kwenye mizeituni. Aliyewaongoza ni yuleyule Luteni Trebes niliyemtaja juu, yule wa kupanda kilima. Siku iliyofuata wakakiteketeza kijiji cha Kandanos.

Kwa mtoto wa darasa la saba mi ningecheza naye, lakini nisingemwachia acheze bila kumweleza hayo, na ningeanza na kumweleza sio kumalizia. Kwenye ubao wangu jina la Kondomari nimeliandika ukingoni kwa wino, hakuna kipande kinachoingia hapo. Ukiona ni kubwa sana kwake mwachie bao, nalo lina akili zake.

Shikamoo. Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) vita ya Hitler, mpaka anafariki alikuwa anasimulia vilima na vifaru. Inawezekana alikuwa hapo Krete? (Msomaji, Songea)

Marahaba. Hapana, KAR hawakwenda Krete. Mwezi huohuo wa Mei 1941 walikuwa Ethiopia wanapigana na Waitaliano, baadaye 1942 wakaenda Madagaska na mwisho kabisa Burma. Lakini vilima na vifaru vyake vinaweza kuwa kweli tupu. Tarehe 19 Mei 1941, yaani siku moja kabla ya Wajerumani kuruka Krete, batalioni ya 1/6 KAR, ambayo ni ya watu wa Tanganyika, walikuwa wamevuka mto pale Colito wakavamiwa na vifaru vya Waitaliano bila wao kuwa na silaha ya kupiga vifaru. Sajenti wao mmoja kutoka Kenya, Nigel Leakey, alikiparamia kifaru kimoja kwa nyuma kikiwa kinatembea, akafungua mfuniko, akapiga bastola waliomo isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva akipeleke pembeni. Akafuata kingine, akafia hapo, na mwili wake haukupatikana. Walimpa Msalaba wa Victoria mwaka 1945.

Angalia karatasi za babu kama zipo kwenye sanduku. Ukikuta 6 popote niandikie haraka, maana hilo la Colito nati ya baiskeli ninayo na boksi lipo.